Kitabu cha picha hakihitaji kuongezewa nyama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nichangie hoja iliyotolewa na msomaji mwenzangu katika gazeti lako majuma mawili yaliyopita. Alisema watengeneza filamu wetu waache kulalamika kuwa hadithi zimekwisha, bali wafungue vitabu vya watoto vyenye picha, waviongezee nyama, kisha wavigeuze kuwa filamu ndefu ambazo watoto wetu watazitazama kwa lugha yao. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mtoto wa Mwanza anastahili kukaa mbele ya filamu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Sehemu ya pili, ile ya kuongeza nyama, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana naamini kwamba filamu nyingi za aina hiyo zimeharibikia hapo hapo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi hapa Ilemela, na huu ni mwaka wangu wa 22 darasani. Kila Jumamosi asubuhi watoto wa mtaani kwetu Kirumba huja barazani kwangu kusomewa hadithi; baadhi yao ni wanafunzi wangu, na baadhi ni wadogo zao ambao bado wanabebwa mgongoni. Jirani yangu, kijana anayejipatia riziki kwa kupiga video za harusi, ana nia ya kutengeneza filamu ya watoto, na mwezi uliopita aliniletea muswada wake niusome. Kwa hiyo jambo hili limenifika mkono huu kwa kitabu na mkono huu kwa muswada, nami nimelifikiria kwa usiku mwingi kabla ya kuandika.

Nitatolea mfano kitabu kimoja ambacho wengi wanaozungumzia suala hili duniani hukitaja, nacho ni Where the Wild Things Are, kilichoandikwa na kuchorwa na Maurice Sendak wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1963. Nakala yangu niliipata katika sanduku la vitabu vya msaada, kona zake zikiwa zimeliwa na mchwa, na kwa kuwa kiko kwa Kiingereza, huwasomea watoto kwa kukitafsiri papo hapo. Tumekiita Waliko Madubwana. Mtoto anayeitwa Max amevaa vazi la mbwamwitu na kufanya utundu nyumba nzima. Mama yake anamwita dubwana, naye anamjibu mama kwamba atamla, na kwa jibu hilo analazwa bila chakula. Chumbani mwake unaota msitu, bahari inafika mlangoni pamoja na mashua, anasafiri mpaka kwenye nchi ya madubwana wenye makucha na meno makali, anawatuliza kwa kuwakazia macho bila kupepesa, nao wanamtawaza kuwa mfalme wao. Wanacheza hadi wachoke. Kisha anasikia harufu ya chakula kizuri ikitoka mbali, anauacha ufalme, anarudi chumbani kwake, na anakuta chakula chake kikimsubiri, bado cha moto.

Hadithi yote hiyo ina maneno 338 tu, na sentensi zake ni 10. Mtu anayekihesabu kitabu kwa maneno ataona kweli kwamba hapa hakuna nyama. Lakini naomba msomaji akifungue pamoja nami aone jinsi kinavyofanya kazi. Picha ya kwanza ni ndogo, imezungukwa na weupe wa karatasi pande zote, kama mtoto aliyewekwa kwenye chumba kikubwa kuliko yeye. Kila ukurasa unaofuata picha inakua kidogo, hasira ya Max ikikua nayo, mpaka msitu unapoujaza ukurasa mzima. Baadaye picha inavuka hata katikati ya kitabu na kuingia upande wa maneno. Madubwana wanapoanza kucheza, maneno yanatoweka kabisa, na kwa kurasa tatu pana mfululizo hakuna hata herufi moja. Halafu maneno yanarudi, safari ya nyumbani inaanza, na ukurasa wa mwisho hauna picha yoyote, bali una maneno machache tu ya kusema kwamba chakula kilikuwa bado cha moto.

Nilipofika kwenye kurasa zile tatu kwa mara ya kwanza mbele ya watoto, nilisita, maana mwalimu amezoea kusema. Nikanyamaza. Kwa muda mfupi nao walinyamaza, wakiangalia, halafu mtoto mmoja wa kiume akaanza kunguruma taratibu, mwingine akapiga sakafu kwa viganja, na kabla sijafungua ukurasa wa pili baraza zima lilikuwa linavuma hata jirani zangu wakachungulia kuona kuna nini. Sikuwafundisha kufanya hivyo, wala kitabu hakikuwaambia. Kitabu kiliwaachia nafasi, nao wakaingia.

Jambo la pili sitalisahau. Binti mmoja wa miaka saba, ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa, aliniomba nirudi nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole kwenye dirisha la chumba cha Max na kusema, "Mwalimu, mwezi umekua." Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nyingi bila kuona. Mwanzoni dirishani mna mwezi mwembamba, na mwishoni mwezi ni mpevu. Mtoto wa Kirumba anaujua mwezi kuliko mimi, kwa sababu usiku wa giza ndio baba zao huwasha taa na kwenda ziwani kuvua dagaa, na mbalamwezi ikitanda mitumbwi hukaa nchi kavu na baba hulala nyumbani. Kwake yeye mwezi mpevu maana yake siku nyingi zimepita. Basi akakunja uso, akauliza, "Kama siku zote hizo zimepita, kwa nini chakula hakijapoa?" Wenzake wakabishana kwa karibu nusu saa. Mmoja alisema mama alikuwa anakipasha moto kila siku. Sina hakika kama kuna jibu bora kuliko hilo.

Sasa niingie kwenye filamu. Mwaka 2009 mwongozaji Spike Jonze alikitoa kitabu hicho kama filamu yenye urefu wa dakika 101, akiwa ameandika muswada pamoja na mwandishi Dave Eggers, na Sendak mwenyewe, aliyekuwa bado hai, akiwa miongoni mwa watayarishaji. Swali lililowakabili ndilo linalotukabili sisi: sentensi 10 zitajazaje dakika 101? Njia rahisi ilikuwapo, nayo ni ile ambayo mwandishi wa hoja niliyoitaja anaipendekeza, yaani kumtafutia Max adui mwovu, kumpa kazi ya kuokoa ulimwengu, kuweka mbio na milipuko, na kumaliza kwa ushindi. Hawakupita huko. Walichofanya ni kukaa muda mrefu zaidi mahali ambapo kitabu kinapita haraka, yaani ndani ya moyo wa mtoto mwenye hasira ambaye hajui hasira yake imetoka wapi.

Nitaeleza vipande viwili tu. Mwanzoni Max amejenga kijumba cha theluji, amejificha ndani yake akicheka, na vijana wakubwa, marafiki wa dada yake, wanaruka juu yake mpaka kinabomoka. Dada anaona na hasemi kitu. Watoto wetu hawajawahi kuona theluji, lakini nilipokitazama kipande hicho pamoja nao hakuna aliyehitaji maelezo. Kila mmoja amewahi kujenga nyumba ya mchanga ufukweni ikakanyagwa na mkubwa aliyekuwa anapita. Katika kipande cha pili, Max amelala chini ya meza anayofanyia kazi mama yake, anavutavuta soksi nyepesi ya mama mguuni, na mama, aliyechoka na mwenye wasiwasi wa kazi, anamwomba amsimulie hadithi, kisha anaichapa kwenye kompyuta neno kwa neno kadiri mtoto anavyoibuni. Hakuna lolote kati ya hayo lililomo kitabuni. Hata hivyo ukivisoma kitabu na filamu pamoja, unaona kwamba vipande hivyo vilikuwa vimejificha kati ya ukurasa na ukurasa, vikisubiri mtu mwenye subira aviangalie. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka wasanii wetu waione: kuongeza jambo ambalo hadithi ilikuwa tayari inalijua si sawa na kubandika jambo lililotolewa kwenye filamu nyingine.

Sisemi kwamba filamu ile haina dosari. Katikati inalegea, kwa sababu madubwana, ambao kitabuni hawana hata majina, wanapewa majina na ugomvi wa watu wazima na wanazungumza mno. Na kuna hasara moja inayoniuma kila ninapoikumbuka, ambayo ni kupotea kwa msitu unaoota chumbani. Katika filamu Max anamng'ata mama yake bega, anatoka mbio nje usiku na kukuta mashua kwenye maji. Naelewa kwa nini mwongozaji alitaka mtoto akimbie kweli. Lakini katika kitabu nguzo za kitanda zinageuka miti polepole, kuta zinakuwa ulimwengu mzima, na mtoto hajatoka nyumbani hata hatua moja. Kwa mtoto aliyefungiwa chumbani, hiyo ni faraja kubwa sana. Laiti wangeulinda ukurasa ule.

Lakini mwisho wake wameutendea haki. Kitabuni mama haonekani hata mara moja. Tunajua yupo kwa sababu ya sahani iliyowekwa mezani. Filamu haikuweza kumficha mama, kwa hiyo ilitafuta ukimya wa namna yake. Max anarudi, mama anamkumbatia, anamwekea chakula, anakaa upande wa pili wa meza kumtazama akila, na usingizi unamchukua akiwa ameketi. Mtoto anaendelea kumtazama mama aliyelala. Hakuna mahubiri wala kuombana msamaha kwa maneno. Wazazi watatu waliokuwa nasi siku hiyo walifuta macho.

Nasema "siku hiyo" kwa sababu watoto waliitazama mara mbili. Mara ya kwanza watoto wangu waliiona bila mimi, katika kibanda umiza kimoja cha mtaani, ikiwa na sauti ya mtafsiri aliyeizungumzia kwa Kiswahili kutoka mwanzo mpaka mwisho. Siwabezi watafsiri hao. Wamewafikishia watu wetu filamu za dunia nzima kwa bei ya chini, na wengi wao ni wasanii wa kweli wa maneno. Lakini mtafsiri yule hakuvumilia ukimya. Kuna mahali ambapo madubwana, baada ya kuruka na kuangusha miti, wanajirundika wote pamoja kama ng'ombe zizini, Max akiwa amebanwa katikati ya manyoya yao, na usingizi unawapitia. Hapo yeye aliweka vichekesho na kutabiri kitakachofuata. Nilipowauliza watoto wanakumbuka nini, waliniambia vichekesho. Nilipowaonyesha tena nyumbani kwangu, bila mtafsiri, mimi nikiwaeleza tu yale machache yasiyoeleweka kwa macho, waliposhuhudia rundo lile hakuna aliyepumua kwa nguvu, na mtoto mdogo kuliko wote akasogea akajilaza mapajani mwa dada yake. Filamu ilikuwa ile ile na watoto walikuwa wale wale.

Ziko filamu nyingine zilizotoka kwenye vitabu vya picha, na nitazipitia haraka. Jumanji kilikuwa kitabu cha Chris Van Allsburg cha mwaka 1981, kuhusu dada na kaka wanaocheza mchezo wa ubaoni wazazi wakiwa hawapo. Filamu ya mwaka 1995 ilimwingiza mwanamume aliyekwama ndani ya mchezo huo miaka 26, na kuanzia hapo hadithi ikawa ya kwake. Inaburudisha, nami sikatai, ila ukimya wa kutisha wa kitabu umepotea. Shrek, ambaye watoto wengi wa Tanzania wanamjua kwa sura, alizaliwa katika kitabu kidogo cha William Steig cha mwaka 1990. Filamu ya mwaka 2001 iliyopata Oscar ya kwanza kabisa kwa filamu ndefu za katuni ilichukua jina na roho ya ukaidi ya zimwi yule na kujenga mambo mengine kabisa juu yake. Huo ni ujenzi halali, mradi tuuite kwa jina lake na tusidai kwamba tumekileta kitabu kwenye skrini.

Na kwa nini lazima filamu iwe ndefu? Mwandishi wa hoja hakuligusa hilo. Mwaka 1982 nchini Uingereza kitabu cha Raymond Briggs kiitwacho The Snowman, ambacho hakina maneno hata kidogo, kiligeuzwa filamu ya takriban dakika 26 ambayo wahusika wake hawazungumzi. Inabebwa na muziki, na hadi leo huonyeshwa kwenye televisheni ya huko kila Krismasi. Kitabu cha The Gruffalo cha Julia Donaldson na mchoraji Axel Scheffler nacho kilipewa chini ya nusu saa mwaka 2009, na kikatosha. Watengeneza filamu wetu huona kwamba dakika 26 ni aibu, kwamba mtu hatalipa kiingilio. Lakini filamu mbili au tatu fupi zinaweza kuonyeshwa pamoja kwa kiingilio kimoja, na mtoto wa miaka sita, kwa uzoefu wangu wa kumkalisha darasani, huanza kuhangaika kabla ya saa moja kwisha.

Nirudi sasa kwa jirani yangu na muswada wake. Ameutoa kwenye kijitabu cha zamani chenye picha, kilichotoka jalada, kinachosimulia habari za Shing'weng'we, zimwi ambalo Wasukuma tumesimuliwa tangu utotoni. Kama bibi yangu alivyoisimulia, zimwi hilo lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba za mtama. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipoanza kutembea aliuliza watu wako wapi, na mama akamwambia wamemezwa na Shing'weng'we. Akatoka, akarudi na panzi: "Mama, ndiye huyu?" Mama akasema, "Siye, mwanangu." Akarudi na ndege, akarudi na swala, kila siku na mnyama mkubwa zaidi, na kila siku swali ni lile lile na jibu ni lile lile, mpaka siku alipokwenda mbali na kumkuta mwenyewe. Alimuua, akampasua tumbo, watu wakatoka. Na katika kupasua, kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani, ambaye hakumshukuru bali alimkasirikia.

Katika muswada wa kijana wangu, swali la panzi lilikuwa limeulizwa mara moja tu, kwa sekunde chache. Badala yake kulikuwa na binti wa mtemi, vijana wawili wanaomgombania, mganga mwovu anayemtuma zimwi, na mkimbizano wa pikipiki kwenye barabara ya Airport. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa heshima, "Mwalimu, bila hivyo dakika 90 zitajaa nini? Ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja, na kijitabu kina kurasa 16 tu." Hesabu yake ni sahihi, na hofu yake ni ya kweli, kwa hiyo sikumcheka. Nilimwomba aje Jumamosi, akae nyuma, asikilize.

Niliwasimulia watoto hadithi kama bibi alivyonipa. Kufikia ndege, baraza zima lilikuwa linajibu kwa pamoja, "Siye, mwanangu!" Kufikia swala, baadhi yao walikuwa wamesimama. Nilipoacha kidogo kabla ya mnyama anayefuata, ukimya ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikia honi ya kivuko kutoka upande wa ziwa. Kijana alikuwa ameandika dakika kwenye daftari lake: panzi, ndege na swala peke yao vilikuwa vimechukua dakika 14, na hakuna mtoto aliyetazama pembeni. Nyama aliyokuwa anaitafuta barabarani ilikuwa ndani ya swali la mtoto.

Kisha tukazungumza naye juu ya tumbo la Shing'weng'we. Kijitabu kina picha moja tu ya ndani ya tumbo, nayo ni nyeusi karibu yote, isipokuwa macho. Watu wale walimezwa na ng'ombe wao, na mitungi yao, na watoto wao. Wanakaa gizani miaka yote ambayo Masala Kulangwa anakua. Nani anapika? Nani anamnyamazisha mtoto anayelia? Wanajuaje kwamba nje kumekucha? Na yule bibi kizee, kabla ya kukatwa sikio, alikuwa nani humo ndani? Hayo ni maswali ambayo watoto waliyauliza wenyewe, na kila moja linaweza kubeba sehemu nzima ya filamu bila kutoka nje ya hadithi hata kidogo.

Kuhusu gharama, najua filamu ya Jonze inakadiriwa kuwa ilitumia dola milioni 100 za Marekani, na hatutazipata. Lakini inafaa kukumbuka zilitumikaje. Hakuwachora madubwana wazima wazima kwa kompyuta. Aliwavalisha watu mavazi makubwa yaliyotengenezwa na karakana ya vikaragosi ya Jim Henson, akawapeleka porini na ufukweni nchini Australia, akapiga picha kwenye upepo halisi na mchanga halisi, na kompyuta ikatumika hasa kuzipa nyuso uhai. Ndiyo maana mtoto anapoegemea dubwana unaona manyoya yanabonyea. Sisi tuna watu wanaojua kucheza na kiwiliwili kikubwa na cha hatari. Anayewajua Bayeye, wachezaji wa Kisukuma wanaocheza na chatu, au aliyewahi kushuhudia Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma za Kisukuma, wakishindana uwanjani Bujora, anajua ninachosema. Mahali pa kupigia picha hapahitaji kujengwa. Mtu asimame jioni kwenye majabali ya mji huu, jiwe limekaa juu ya jiwe kama vile kuna mkono uliyapanga, na avute subira mpaka jua lianze kuzama ziwani. Zimwi litaonekana kabla halijavalishwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hulipita. Kijitabu kile hakina jalada, kwa hiyo jina la aliyekichora halijulikani. Hadithi ya Shing'weng'we ni ya Wasukuma wote, lakini ile picha nyeusi yenye macho ni ya mtu mmoja aliyekaa akaifikiria, na kijana wangu anataka kuitumia kama ilivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aigeuze, na ulinzi huo unaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Katika kitabu cha picha mchoraji ni msimulizi sawa na mwandishi, na mara nyingi ndiye anayesema lile kubwa zaidi. Mwezi wa Sendak hautajwi popote katika maneno yake. Hata hivyo kwetu, filamu ikitoka, jina la mchoraji huwa la mwisho kukumbukwa, likikumbukwa. Nimemwomba jirani yangu asipige picha hata moja kabla hajaulizia maktaba ya mkoa na wachapishaji wa zamani, na kama mchoraji au jamaa zake wanapatikana, wakae naye mezani tangu mwanzo kama Sendak alivyokaa na Jonze.

Msomaji mwenzangu aliandika pia kwamba filamu za vitabu kwa Kiswahili hazina soko. Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, iligeuzwa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, kwa Kiswahili chetu. Riwaya ina kurasa nyingi, na kazi ya mwongozaji ni kupunguza. Kitabu cha picha kinamtaka mwongozaji afanye kazi iliyo ngumu zaidi, yaani kurefusha bila kujaza, na kwa kazi hiyo naona anahitaji kukaa na watoto wengi kabla ya kukaa na wawekezaji.

Jirani yangu amefuta pikipiki na mganga. Binti wa mtemi bado yumo, na tunaendelea kubishana juu yake. Ameniomba Jumamosi ijayo nimkusanyie watoto sita wa miaka sita hadi minane, awazimie taa ndani ya chumba chenye mapazia mazito, na awasikilizishe dakika nne za tumbo la Shing'weng'we kwa sauti peke yake: pumzi, kengele ya ng'ombe, mtu anayetafuta mkono wa mwenzake. Anataka kuona ni dakika ya ngapi watakapoanza kuuliza maswali. Wazazi nimeshazungumza nao, na yule binti wa mvuvi amesema atakuja, kama mwezi hautakuwa mkubwa na baba yake hatakuwa nyumbani.

Wako,

Mwalimu wa darasa la pili,
Kirumba, Mwanza.